Mkeka Kwenye Ngazi za Chuo

Ofisi ya Msajili
Brisbane, 14 Februari 1997

Bi. Lagimaina Pesamino,

Kwa mujibu wa Kanuni za Maendeleo ya Masomo, na kwa kuwa ulifeli masomo mawili mwaka uliopita, hali yako kitaaluma imebadilishwa kutoka Nzuri kuwa Uangalizi. Utarudia somo la Afya ya Jamii na somo la Maumbile ya Kichwa na Shingo. Utaonana na mshauri wa masomo kila Ijumaa bila kukosa.

Unakumbushwa kwamba mwanafunzi aliye chini ya Uangalizi akithibitika kuvunja Kanuni za Mwenendo, Kamati haina adhabu ndogo ya kumpa. Huondolewa chuoni.

Tunakutakia mwaka mwema wa masomo.

H. Cartledge
Katibu


Woodridge, Brisbane
10 Machi 1997

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na kabla hujauliza: ndiyo, nakula, ndiyo, nakwenda kanisani, hapana, sijakonda. Ile picha uliyoonyeshwa na mchungaji ilipigwa upande mbaya.

Mwaka wa tatu umeanza vizuri. Tunachonga meno ya plastiki yaliyofungwa kwenye vichwa vya bandia. Kichwa changu nimekibandika jina lako, usinipige, kwa sababu na chenyewe hakitaki kufungua mdomo. Chuo kimeniteulia mshauri wangu mwenyewe, naonana naye kila Ijumaa. Si kila mwanafunzi anapewa, Baba. Kwenye darasa letu ni wawili tu.

Hapa kwa baba mdogo Sakaria hakuna shida. Mama mdogo bado anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, kwa hiyo asubuhi mimi ndiye ninayewaamsha wadogo, nawapikia, nawapeleka shule, halafu ndiyo nakimbilia treni. Jioni kuna mazoezi ya kwaya. Nasoma wakilala. Wakilala mapema.

Feleti wao naye ameingia mwaka wa pili wa uuguzi, na kuna somo moja tunakaa darasa moja, Afya ya Jamii. Inachekesha, mimi mkubwa na yeye mdogo kwenye benchi moja. Ni ratiba tu ndiyo imetukutanisha.

Jino lako likoje? Sukutua kwa maji ya chumvi. Usimruhusu mtu aliguse kwa koleo la baiskeli kama mwaka jana.

Mwanao,
Lagi


Savai'i
Jumatatu ya Pasaka, 31 Machi 1997

Mwanangu Lagimaina,

Barua yako niliisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, barazani, mbele ya wazee wote. Nilipofika pale pa mshauri nikanyamaza kidogo ili waelewe. Tuimavave, ambaye mwanawe anaosha magari Auckland, akaanza kukohoa. Kohoa, mzee, kohoa. Binti yangu ana mshauri wake mwenyewe!

Jumapili mchungaji alikutaja kwenye maombi. Akina mama wa kijiji wanasema ukirudi wewe ndiye utakuwa daktari wa kwanza wa meno kutoka upande huu wa kisiwa, na tayari wameanza kugombania zamu. Nimewaambia zamu ya kwanza ina mwenyewe. Jino la nyuma limeamka tena. Yule bwana wa hospitali ya Tuasivi alitaka kuling'oa nikamwambia hapana, nashukuru, nalitunza. Mwezi huu sitafuni kulia, mwezi ujao labda sitafuni kushoto, lakini nitakungoja.

Sasa sikiliza neno la mzazi. Nimefurahi kusikia uko na Feleti darasa moja. Sakaria aliniandikia kwamba kijana masomo yanamlemea ila anaona haya kusema. Wewe unakula kwenye sufuria ya mama yake, unalala chini ya bati la baba yake. Na hata kama usingekula wala kulala kwao, yule ni kaka yako, mtoto wa mdogo wangu, tumbo moja. Unajua tulivyokulea: dada ni mboni ya jicho la kaka yake, na kaka naye akinyoosha mkono kwa dada hapaswi kurudi mtupu. Akikuomba kitu, usimfanye aombe mara mbili.

Nilikwenda kupalilia kaburi la mama yako juzi. Nilimpa habari zako zote. Yeye hakukohoa.

Baba yako,
Taliaoa Pesamino


Kamati ya Mwenendo wa Wanafunzi
Brisbane, 12 Mei 1997

Bi. Lagimaina Pesamino,

Insha uliyowasilisha katika somo la Afya ya Jamii imebainika kufanana, aya kwa aya, na insha ya mwanafunzi mwingine wa somo hilo, ambayo iliwasilishwa siku moja kabla ya yako. Unatuhumiwa kunakili kazi ya mwenzako.

Kamati itakusikiliza tarehe 11 Juni. Unayo haki ya kujitetea kwa mdomo au kwa maandishi. Kwa kuwa uko chini ya Uangalizi, tafadhali soma tena barua yetu ya Februari.

H. Cartledge
Katibu


Woodridge
14 Mei 1997

Baba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Na barua hii usiisome barazani, nakuomba kwa jina la mama.

Nilikudanganya. Mshauri si heshima. Mshauri wanapewa waliofeli. Mwaka jana nilianguka masomo mawili, na mwaka huu nimewekwa kwenye Uangalizi, yaani kama mtu aliyefungwa kamba mguuni anaambiwa tembea, ukijikwaa mara moja basi. Sikukwambia kwa sababu ulishakuwa umeninunulia kiburi kijijini na sikujua jinsi ya kukirudisha dukani.

Sasa nimejikwaa. Wanasema insha yangu nimeiiba. Mwezi ujao nitakaa mbele ya Kamati, na wakiamua nimeiba hawana adhabu nyingine ila kunifukuza. Nikifukuzwa ufadhili unakufa siku hiyo hiyo, na viza inaufuata. Nitarudi nyumbani na meno ya plastiki.

Sikuiba, Baba. Naomba uniamini hivyo hivyo, bila maelezo, kwa sababu maelezo siwezi kukupa. Usiniulize kwa nini siwezi. Na usimpigie baba mdogo Sakaria, wala usinipigie mimi; simu ya mchungaji ina masikio ya kijiji kizima, na ya huku iko sebuleni. Usifanye kitu chochote. Niombee tu.

Silali. Jana nilichonga jino la kichwa cha bandia mpaka nikatoboa shavu.

Lagi


Savai'i
28 Mei 1997

Mwanangu,

Barua yako nilikuta imeloweshwa na mvua lakini maneno yalisomeka, hata yale ambayo ningependa yasisomeke.

Sikukasirika kuhusu mshauri. Nilicheka hata. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, na huko sikucheka.

Umeniomba nisikuulize, sikuulizi. Nimelea watoto watano. Mtoto asiyefanya kosa hueleza mpaka umwambie nyamaza. Mtoto anayesema usiniulize, huyo ana kitu kimemkaa kooni, na mzazi mwenye akili hamkabi shingo akiteme. Kama mkono wako uliteleza kwa sababu ya uchovu, kwa kulea watoto wa watu usiku na mchana, mimi siwezi kukuhukumu. Basi, yaishe hapo kati yetu.

Lakini kwa Chuo hayajaisha. Chuo kinasema kimekosewa, na mtu aliyekosewa huendi kubishana naye mlangoni. Unakwenda kuinama. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi hatungoji kualikwa. Nimezungumza na wazee, wote wamekubali, Tuimavave ndiye wa kwanza kusimama. Nitakuja mwenyewe kufanya ifoga. Nitachukua mkeka wa mama yako, ule mwororo alioufuma miaka minne, nitakaa chini yake mbele ya nyumba ya hao wakubwa wa Chuo tangu asubuhi, kichwa chini, mpaka mmoja wao atoke auinue. Akishauinua, kosa limekufa. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu yangu, yule kijana wa ng'ambo ya mto alipouawa na mtu wa kwetu. Kama mkeka ulimaliza damu, utashindwa na insha?

Wewe kaa mbali siku hiyo. Anayeombewa haonekani. Nimemwandikia Sakaria aje Feleti anipokee uwanja wa ndege anipeleke moja kwa moja. Kijana anajua Kiingereza cha huko, atakuwa mdomo wangu.

Usiogope tena. Baba yako anakuja.

Taliaoa Pesamino


Kamati ya Mwenendo wa Wanafunzi
Brisbane, 12 Juni 1997

Bi. Lagimaina Pesamino,

Kamati ilikutana jana ukiwepo. Ulipotakiwa kujitetea ulitazama chini na hukusema neno. Ulipotakiwa kueleza kufanana kwa insha mbili ulisema, "Sina la kusema."

Kamati imezingatia pia tukio la tarehe 10 Juni, ambapo mzazi wako alikaa mbele ya jengo letu akiwa amejifunika mkeka kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, alipoombwa na walinzi aondoke. Bw. Feleti Sakaria, ambaye ndiye mwanafunzi mwenye insha ya kwanza na ambaye alikubali kututafsiria, alieleza kwamba katika desturi yenu kitendo hicho hufanywa na familia ya mkosaji ili kuomba msamaha kwa kosa lililotendwa. Kamati imelichukulia hilo kuwa ni kukiri.

Kwa hiyo unaondolewa chuoni kuanzia leo. Unaweza kukata rufaa kabla ya mwisho wa siku ya tarehe 10 Julai, iwapo tu una ushahidi mpya ambao Kamati haikuwa nao.

H. Cartledge
Katibu

(Kwa mkono, chini ya sahihi:)
Hili halimo kwenye barua rasmi. Nilimpelekea baba yako maji, hakunywa. Nilimpelekea koti, kulikuwa na baridi, hakulipokea. Nilisimama pale karibu naye muda mrefu. Nilihisi kuna kitu anangoja nikifanye, lakini sikukijua, na nilipomuuliza kijana yule akasema hakuna. Samahani.


Brisbane
17 Juni 1997

Baba,

Leo sikuamkii. Nisamehe, sina pa kuitolea shikamoo.

Nilikuona. Nilikuwa maktaba, ghorofa ya pili, dirisha linalotazama zile ngazi. Nilidhani ni mzigo wa watu wa bustani. Halafu nikaona visigino vyako. Nani asiyevijua visigino vyako? Wanafunzi walikuwa wanakuzunguka wakishuka, mmoja akaweka sarafu mbele yako. Sarafu, Baba! Mbele ya Taliaoa! Na mimi nilisimama pale na paji la uso kwenye kioo, na sikushuka. Nilisema nikishuka nitasema, na nikisema nyumba ya baba mdogo itaanguka. Nikasema mtu yeyote atatoka auinue. Sasa hivi. Sasa hivi. Mpaka wakaja walinzi.

Usiku ule nilikwenda kulala kwa Mereani, rafiki yangu Mfiji, kwa aibu ya kukutazama. Na wewe ulikuwa umelala kwenye godoro langu. Asubuhi nimefika, umeshaondoka, nimekuta kopo la kakao juu ya mto. Ulivuka bahari yote ile, tukapishana kwa usiku mmoja. Barua yako ya kusema unakuja ilifika siku mbili baadaye; ya baba mdogo ilitangulia, na hakuna aliyeniambia. Nimeisoma imekaa kama mzaha.

Sasa nakwambia yale uliyoniahidi kutoniuliza.

Insha ni yangu. Niliiandika wiki tatu, kwenye meza ya jikoni, kwenye kompyuta ya Feleti kwa sababu ndiyo pekee iliyomo nyumbani. Feleti alikuja na macho mekundu, akasema hajaandika hata mstari, na baba yake atamuua. Akasema nipe nitazame tu namna unavyoipanga. Nilikuwa na barua yako mkobani. Akikuomba kitu, usimfanye aombe mara mbili. Sikumfanya aombe mara mbili, Baba. Nilimpa. Akaibadilisha jina akaipeleka kesho yake, na mimi nikapeleka siku iliyofuata, sikujua kitu. Yeye hali yake ni Nzuri. Mimi ni Uangalizi. Unadhani walimtazama nani?

Nilikuwa nangoja aseme. Kila siku nikimtazama mezani, nikimpakulia, nikisema leo atasema. Halafu wewe ukaja, na ni yeye aliyekupokea. Ni yeye aliyeubeba mkeka wa mama kutoka garini. Ni yeye aliyesimama akawaambia hawa ni watu wa mkosaji. Wala hakusema uongo, ona. Alitafsiri sawasawa kabisa.

Lakini kinachoniuma si Feleti. Ni wewe. Nilikuandikia sikuiba. Neno moja. Ukalisoma, ukaona huruma, na ukaamini nimeiba. Ungenitukana ningeumia kidogo. Ulinisamehe! Ulinisamehe kosa ambalo sikulifanya, ukaenda kulitangaza kwenye ngazi, na sasa hakuna mtu Brisbane nzima asiyejua kwamba mimi ni mwizi, baba yake mwenyewe kathibitisha.

Rufaa inataka ushahidi mpya. Kompyuta ni ya Feleti, rasimu zilikuwa mle, neno langu peke yangu si ushahidi. Ufadhili umesimamishwa. Nimehama kwa baba mdogo, nalala kwa Mereani. Yeye anafanya kazi ofisi ya chama cha wanafunzi, kuna faksi, namba nimeandika nyuma ya bahasha. Usinijibu kama huna la kusema. Mimi nimezoea kutokuwa na la kusema.

Lagimaina


Kwa faksi, kwa mkono wa mchungaji wa Woodridge, ampe Sakaria asiisome
Posta ya Salelologa, Savai'i, 30 Juni 1997

Mdogo wangu Sakaria,

Naambatanisha barua ya mwanangu. Isome peke yako, kisha msomee mwanao, kisha mtazame usoni. Sina haja ya kujua ulichokiona.

Nililala kwako. Nilikula kwako. Asubuhi Feleti aliniinamia akanifunga kamba za viatu kwa sababu mgongo ulikuwa umekakamaa kwa zile ngazi za saruji, nami nikamwekea mkono kichwani nikambariki. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kitanifunga na viatu.

Mama yetu alitufundisha nini, Sakaria? Kwamba dada ni mboni ya jicho la kaka. Sasa huyu kijana amejitoboa jicho mwenyewe halafu anatafsiri.

Sikuombi chochote. Mkeka wa marehemu mke wangu niliuacha kwako, sikuwa na uso wa kuurudisha. Utunze usiliwe na nondo.

Taliaoa Pesamino


Kwa faksi
Salelologa, Jumanne 8 Julai 1997, asubuhi

Mwanangu,

Nakuandikia nimesimama, karani wa posta ananitazama, mwandiko ukipinda usiseme nimezeeka.

Wako mbele ya nyumba. Sakaria na Feleti. Walishuka meli ya jana, hawakuja kulala, na kulipopambazuka nikatoka kwenda kuosha uso nikakuta mkeka umekaa kwenye changarawe. Ni mkeka wa mama yako. Nyumba yetu haina kuta, Lagi, huwezi kujifanya hujaona. Nilikaa nikautazama na wao wakakaa.

Mchungaji amekuja mara mbili. Wazee wananiambia, Taliaoa, inua, watu hawaachwi juani namna hii, ni damu yako. Wanasema kweli. Ni mimi wa kwanza kujua jinsi magoti yanavyouma mle ndani.

Lakini anayeinua ni aliyekosewa. Mimi sikukosewa. Mimi ni mmoja wa waliokosa, ila kwangu hakukubaki mkeka wa kujifunika. Uliniandikia neno moja, sikuiba, na mimi nikajifanya mwerevu. Watoto watano nimelea, nikashindwa kumsoma mmoja. Sijui nikwambieje. Ningekuwa karibu ningekaa chini ya dirisha lako lile la maktaba.

Mkeka ni wako. Sema niuinue au nisiuinue. Nimempandisha kijana wa posta baiskeli aniletee jibu lako, na mimi narudi kukaa nao.

Baba


Kwa faksi
Brisbane, Jumatano 9 Julai 1997

Baba,

Shikamoo.

Faksi imenikuta kwenye kochi la ofisi ya Mereani. Huku ni Jumatano tayari, huko kwenu bado Jumanne. Jumatano yenu bado mnaisubiri, mimi yangu nimeshaianza vibaya. Kesho jioni rufaa inafungwa.

Mereani ananiambia, mwambie kijana aandike ukweli kwanza, atie sahihi, ndipo mkeka uinuliwe. Nimeandika hivyo, nikachana. Kamati ilikukamua kukiri ukiwa chini ya mkeka. Sitaki na mimi nimkamue mtu chini ya mkeka ule ule.

Lakini mimi si malaika. Wewe ulikaa mpaka saa nane na hakuna mtu aliyekuinua. Waache nao mpaka saa nane. Wajue. Saa nane ikifika, inua, na usimdai Feleti kitu. Usimtajie rufaa. Akiomba kalamu mwenyewe, mpe. Asipoomba, mpe chakula, aende zake, na mimi nitarudi nyumbani tutazoeana na hilo jino lako.

Nakungoja hapa hapa kwenye mashine.

Lagi


Kwa faksi
Salelologa, Jumanne 8 Julai 1997, alasiri

Mwanangu,

Nimevunja amri yako. Uliandika saa nane. Nimeuinua adhuhuri. Sakaria alianza kukohoa, kile kikohozi chake cha utotoni, na kabla sijafikiri mikono yangu ilikuwa imeshashika ukingo wa mkeka. Ni mdogo wangu, Lagi. Nilimnyanyua akanilalia begani, tukalia kama wajinga wawili, na wewe uniwie radhi.

Kisha nikawasomea faksi yako, yote, kwa sababu nilikuwa nimekukosea na ilibidi wajue. Nilipofika pale pa saa nane, Feleti akauliza sasa ni saa ngapi. Nikamwambia. Akauchukua mkeka mikononi mwangu, akarudi pale pale kwenye changarawe, akajifunika peke yake.

Akina mama walimletea maji. Hakunywa. Mchungaji alimwita kwa jina, hakutoka. Baba yake alitaka kwenda kumtoa nikamshika mkono. Jua lilikuwa kali, nawe unajua jua la Julai lisivyo na mawingu. Hakuna aliyekula kijijini, chakula cha wageni kilipoa kwenye majani.

Saa nane niliuinua tena. Uso wake wote ulikuwa umechorwa mistari ya ule ufumaji wa mama yako. Nikampa nafasi ya kwenda. Nilifuata maneno yako kama yalivyo, sikumtajia kitu, nikamwambia mwanangu, karibu chakula.

Ameomba kalamu.

Tuko naye hapa posta sasa hivi. Ameandika kurasa mbili kwa Kiingereza, mimi sijui zinasema nini zote, ila jina lako nimeliona na jina lake nimeliona, na chini ametia sahihi. Karani anazituma kwa yule mama Cartledge wakati huu huu naandika, mashine inalia, na nakala inakuja kwako nyuma ya karatasi hii. Anasema zikifika leo kwenu bado hamjafunga. Watafanya nini na wewe sijui. Labda watakurudisha kwenye ile kamba yao ya mguuni. Labda wataona tumewachosha. Mimi nimeshafanya la kwangu mara moja nikaharibu, safari hii nanyamaza.

Nilikuamini vibaya. Sasa nakuamini vizuri, na nitaliandika neno hilo kila barua mpaka uchoke kulisoma.

Jino limevimba, upande wa kulia wote. Yule bwana wa Tuasivi amepita hapa posta, ameliona, akatoa koleo lake mfukoni. Nimemwambia alirudishe mfukoni, jino hili lina mwenyewe.

Baba yako